Sifa ya Kurekebisha Madaraja ya Kazi

Kazi nyingi za ujenzi huonekana kwa macho, na sifa zake humwendea mwashi aliyenyoosha ukuta na seremala aliyepatanisha mbao hata kiungo kisijulikane; lakini iko kazi moja katika ujenzi wa zama hizi isiyoacha alama yoyote juu ya jengo, wala hapana mpita njia atakayeinua uso kuitazama, nayo ni kurekebisha kumbukumbu za madaraja ya kazi katika programu za kusimamia ujenzi. Naisifu kwa kuwa ni kazi ya kujizuia, na fundi wa sanaa yoyote atashuhudia kwamba kutenda ni kwepesi kuliko kuacha.

Daraja la kazi ni neno moja au mawili tu, kama vile mwashi, fundi umeme, mpiga lipu au kibarua, yakaandikwa kando ya jina la mtu. Walakini huko Marekani ujira wa mtu huyo hufuata maneno hayo. Sheria ya Davis-Bacon, aliyoitia saini Rais Herbert Hoover mwezi Machi 1931, yaamuru kwamba katika mikataba ya ujenzi ya serikali kuu inayozidi dola 2,000 kila mfanyakazi alipwe si chini ya ujira uliozoeleka mahali pale kwa kazi ya namna ile. Asili yake ni hasira ya mbunge Robert Bacon wa New York, baada ya mkandarasi wa Alabama kuleta vibarua wake wa ujira mdogo kujenga hospitali katika jimbo la uchaguzi la mbunge huyo. Na kwa kuwa vibarua wale walikuwa watu weusi, wakosoaji wa sheria hiyo hawajaacha kuitilia shaka nia yake mpaka leo. Ama nia ilikuwa hii au ile, tangu hapo daraja likawa na uzito wa fedha. Si halali mwanagenzi kulipwa chini ya fundi ila awe amesajiliwa katika mafunzo yanayotambuliwa. Na aliyejenga matofali asubuhi kisha akabeba kifusi alasiri aweza kulipwa kwa viwango viwili, kwa sharti kwamba saa za kila kazi zimeandikwa mbali mbali na kwa kweli.

Hapo ndipo programu inapoingia. Katika programu kama Procore, iliyoasisiwa California mwaka 2002, mnyapara huandika saa za watu wake kwa simu akiwa papo hapo kazini, akichagua daraja katika orodha. Na ofisini, mlipaji mishahara anayo orodha yake katika programu nyingine kabisa. Orodha hizi mbili zisipopatana, Ijumaa ya malipo hugeuka siku ya daawa. Kuzipatanisha kwa mkono, jina baada ya jina, kwawezekana pakiwa na majina kumi. Yakiwa mamia, mwandishi wa programu hupitia kwenye kiolesura, akatuma maombi ambayo seva huyasoma, huyapima, na kuyajibu.

Ombi lenyewe ni dogo la kustaajabisha. Hutaja kampuni, hutaja namba ya kumbukumbu, kisha hutaja kile tu kinachobadilika. Njia iitwayo PUT hutaka kumbukumbu nzima iletwe upya ichukue nafasi ya ile ya kwanza, na ole wake aliyesahau sehemu moja. Bali PATCH, ambayo Lisa Dusseault na James Snell waliiwekea kanuni mwezi Machi 2010, huruhusu kugusa palipo na haja na kuyaacha mengine yakae yalivyo. Mtu mwenye pupa hufuta daraja lenye kosa akaunda jipya lenye jina sahihi, naye hudhani amefanya jambo lile lile. Hasha! Jina ni kwa ajili ya macho yetu, ilhali saa zote zilizokwisha andikwa zimefungamana na namba. Akiitupa namba, amezikata saa za watu na daraja lao.

Na makosa yenyewe aghalabu ni madogo hata kuchekesha. Chukua "Fundi bomba" na "Fundi bomba" mara ya pili, mawili katika orodha moja, yakifanana herufi kwa herufi. Jicho halioni tafauti, lakini programu ya mishahara inalikataa moja, kwa sababu mwishoni mwake aliyeliandika alibofya nafasi tupu akaendelea na shughuli zake. Mtaalamu wa kazi hii hahesabu herufi kwa macho. Huamuru programu ipime urefu wa kila jina, na pale panapotokea kumi na mbili badala ya kumi na moja, mgonjwa amepatikana.

Majibu ya seva nayo yataka adabu ya kusikiliza. Jibu la 404 lasema hakuna kumbukumbu yenye namba hiyo, 422 kwamba ombi limefahamika lakini yaliyomo hayakubaliki, 429 kwamba umeomba mno kwa haraka, ngoja. Mimi hulipenda zaidi lile la 412, ambalo seva iliyotengenezwa kwa hadhari humpa mtu aliyetaka kubadili kumbukumbu ambayo mwenziwe amekwisha ibadili tangu alipoisoma mara ya mwisho. Humzuia kumfutia mwenzake jasho lake bila ya kujua. Hata 200, ambalo ni la kufaulu, halimtoshi mwenye kujua: huisoma tena kumbukumbu na kuilinganisha na alichokusudia.

Labaki daraja lisilotumika tena. Kanuni za sheria ile ya Davis-Bacon zataka karatasi za mishahara zihifadhiwe angalau miaka 3 baada ya ujenzi kwisha, na mkaguzi aweza kuja wakati jengo limekwisha kaliwa na watu na mnyapara amehamia mji mwingine. Kwa hiyo, programu inaporuhusu, daraja la zamani halifutwi. Hupigwa alama tu ya kuwa halitumiki, likatoweka katika orodha ambayo mnyapara huchagulia saa za leo, na saa za mwaka juzi zikaendelea kukaa chini yake, zimeandikwa kwa jina lile zililolipiwa.