Roho na Marejeo: Taharuki katika Riwaya za Ben Mtobwa

Mara nyingi riwaya ya upelelezi huachwa mlangoni pa fasihi, isikaribishwe ndani. Husemwa kwamba huchemsha damu bila kulisha akili, na kwamba watungaji wake huazima bastola na mbio za magari kutoka kwa James Hadley Chase na Ian Fleming. Hukumu hiyo imemwangukia pia Ben R. Mtobwa, aliyezaliwa Kasulu mwaka 1958 na kufariki mwaka 2008. Yafaa kesi yake isikilizwe upya, na isikilizwe huko huko alikozaliwa, katika nyanda za juu za Kigoma.

Mtobwa hakuianzisha njia hii. Muhammed Said Abdulla alikwisha kumleta Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960). Faraji Katalambulla akafuata na Simu ya Kifo (1965). Naye Elvis Musiba akamtuma Willy Gamba kazini katika Kufa na Kupona (1974). Kwa Abdulla, taharuki ni ya fumbo: nani aliyetenda? Kwa Musiba ni ya mwendo: je, shujaa atawahi? Kwa Mtobwa taharuki huanza mapema zaidi, kwenye jalada. Katika Najisikia Kuua Tena, neno moja la mwisho, "tena", latosha kumjulisha msomaji kwamba kuna aliyekwisha kuuawa kabla ya ukurasa wa kwanza, na kiambishi cha nafsi ya kwanza chamwambia kwamba anayesema ndiye muuaji.

Ufundi huo wafikia kilele katika Tutarudi na Roho Zetu? (1987), ambamo Joram Kiango na Nuru wanapambana na utawala wa makaburu wa Afrika Kusini. Anwani hii ni swali lisilo na neno la kuulizia. Laulizwa kwa sauti tu, kama lisemwavyo na watu walio tayari njiani.

Kwa msomaji wa Kasulu au Kibondo, swali hilo si la majasusi peke yao. Wakati wa ukoloni, Buha ilitoa manamba wengi, vijana waliosafiri mbali kwenda kukata mkonge, na waliobaki nyumbani hawakujua ni nani atakayerejea. Baadaye nchi hiyo hiyo ikawa kimbilio la wengine. Mwaka 1996 ilifunguliwa kambi ya Nyarugusu, Kasulu, kwa wakimbizi kutoka Kongo. Mwaka 2015 kambi ya Nduta, Kibondo, ikafunguliwa tena kwa ajili ya Warundi, ambao lugha yao ni jirani wa karibu wa Kiha. Haisemwi kwamba Mtobwa aliyakusudia hayo, na mengine yalitokea baada ya kitabu. Lakini maneno yakiwekwa penye uzito, hubeba hata mzigo ambao mwandishi hakuupakia.

Hapana budi pingamizi moja likabiliwe. Joram Kiango hurudi katika kitabu kimoja baada ya kingine. Basi msomaji wake wa siku zote anajua kwamba atapona, na swali la jalada lingekuwa mchezo mtupu. Lingekuwa hivyo kama roho ingekuwa na maana ya uhai tu. Katika Kiswahili, roho ni pumzi ambayo mtu huitoa anapokufa, na pia ni ule utu wa ndani unaomfanya aitwe mwenye roho nzuri au mbaya. Mwili wa shujaa utarudi. Lisilojulikana ni kama mtu aliyeua, hata kwa haki, atarudi akiwa yule aliyeondoka. Hapo ndipo ilipo taharuki isiyokwisha kwa kufunga kitabu.

Mfano wa lugha ya pili waonyesha thamani ya jambo hili. Dar es Salaam Usiku (1990) ilitoka pia kwa Kiingereza, Dar es Salaam by Night. Katika anwani ya kwanza mji na usiku vimesimama bega kwa bega bila kiungo, na msomaji ndiye atakayetafuta uhusiano wao. Katika ya pili kiungo kimewekwa, na sehemu ya giza imeondoka. Neno "roho" lingepata taabu kubwa zaidi, maana Kiingereza kina neno moja la uhai na jingine la nafsi, na mfasiri angelazimika kuchagua.

Mwanafunzi atakayeanza kuzisoma riwaya hizi hana haja ya kuuliza kama zina bastola. Zinazo. Aulize roho imewekwa wapi.