Mwamuzi na Saa ya Mrushaji

Katika besiboli ya Marekani, mchezo ambao tangu asili yake haukuwa na saa ya kuumaliza, muda upitao kati ya mpira mmoja urushwao na wa pili ulikuwa amana ya mwamuzi asimamaye nyuma ya mdakaji. Na ijapokuwa sharia ilimpa mrushaji sekunde 12 tu pasipokuwa na mkimbiaji kituoni, mwamuzi aliyethubutu kuitekeleza alionekana kuwa yeye ndiye mharibifu wa mchezo, kwa hiyo aghalabu akanyamaza, hata mwaka 2021 mechi ya kawaida ikapita saa tatu.

Dawa iliyoletwa na Ligi Kuu ya mchezo huo mwaka 2023 haikuwa kumzidishia mwamuzi ukali, bali kumwondolea lawama. Saa iliwekwa mahali pa dhahiri, ikihesabu sekunde 15 vituo vikiwa vitupu na 20 akiwapo mkimbiaji, ambazo mwaka uliofuata zilipunguzwa zikawa 18. Na aiendeshaye ni karani maalumu. Mpigaji asiyekuwa tayari zikisalia sekunde 8 huandikiwa straiki, yaani alama ya kosa juu yake. Mrushaji akichelewa, mpigaji huhesabiwa boli, yaani alama ya kosa la mrushaji. Tena, ili mrushaji asiifanyie saa hila kwa kujifanya anamwinda mkimbiaji, ameruhusiwa kuuacha urushaji mara mbili tu kwa kila mpigaji. Akirudia mara ya tatu asimtoe mkimbiaji, wakimbiaji husogezwa mbele kituo kimoja.

Uzito wa adhabu ya kuchelewa ulidhihirika tarehe 25 Februari 2023, katika mechi ya matayarisho baina ya Atlanta na Boston, ambapo matokeo yakiwa 6 kwa 6 na vituo vyote vimejaa, mpigaji wa Atlanta aliyechelewa aliandikiwa straiki ya mwisho, na mchezo ukaisha sare bila mpira kurushwa.

Hata hivyo hiari ya mwamuzi haikufutwa, bali imehamia penye kuisimamisha saa: mdakaji aliyekuwa mkimbiaji sasa hivi hana budi avae kinga zake, na mrushaji aliyetoka mbio kukilinda kituo cha kwanza yastahili apate pumzi. Mwamuzi akiwa bahili, ataadhibu ajali. Akiwa karimu mno, wachezaji watazigeuza ajali kuwa desturi. Wastani wa mechi mwaka 2023 ulishuka hadi kama saa 2 na dakika 40, na adhabu zikapungua kadiri msimu ulivyoendelea, kwani wachezaji walijua kwamba wakati wao haupatikani tena kwa kumbembeleza mtu.