Pongezi kwa Msemaji wa Ikulu

Filamu nyingi humchora msemaji wa serikali kama fundi wa uongo. Katika Wag the Dog ya mwaka 1997, mtaalamu wa mawasiliano anazua vita dhidi ya Albania ili kufunika kashfa ya Rais wa Marekani: msichana anakimbia studioni amekumbatia pakiti ya chipsi, na kompyuta inaigeuza kuwa paka. Filamu tamu kweli, ila imewaonea wenye kazi yao.

Ndiyo maana nampenda C.J. Cregg, msemaji wa Ikulu katika The West Wing, tamthilia ya Marekani iliyoanza 1999. Katika msimu wa kwanza anawahakikishia waandishi kwamba hakuna jipya, kumbe wakubwa wake wamemficha kuwa majeshi ya India yameingia Kashmir. Anawaka, na ana haki. Neno lake ndio mtaji wake. Likitiliwa shaka leo, kesho nani atamsikiliza? Allison Janney, aliyemwigiza, alistahili kila moja ya tuzo nne za Emmy alizopata kwa nafasi hiyo. Kwa C.J. naona maafisa habari wa halmashauri zetu, wanaosimama mbele ya maikrofoni siku ya mafuriko, simu zikiita mfululizo, na bado wanakataa kubahatisha idadi ya waliofariki.