Istilahi za Kukinga Masikio Wakati wa Kuwinda

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki maneno matatu ambayo mfasiri huyakimbilia upesi aandikapo maelekezo ya kukinga masikio na mlio wa bunduki. Tunamfikiria msomaji wa Marui, Wilaya ya Kisarawe: mkulima mwenye gobori anayewinda nguruwe mwitu waharibuo shamba, au askari wa wanyamapori aliyeitwa kuwafukuza. Msomaji huyu hana kamusi mkononi. Neno likimpotosha, sikio lake ndilo liumialo.

Neno la kwanza ni "kelele". Wataalamu wengi wa afya kazini huweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8 za kazi. Mlio wa bunduki aghalabu hupita desibeli 140, nao huisha kabla ya kufumba na kufumbua. Lakini "kelele", kwa mazoea ya wasemaji, ni ghasia inayoendelea: ya soko, ya ngoma, ya mashine. Aambiwaye ajikinge na kelele hatadhani kwamba risasi moja yaweza kumdhuru. Twaona "mshindo" lafaa zaidi, kwani limebeba ghafla na nguvu kwa pamoja.

La pili ni "usikivu". Mtoto msikivu ni yule atiiye wazazi wake. Kwa hiyo "kupoteza usikivu" husomeka kama kosa la adabu. Afadhali kuandika "uwezo wa kusikia". Wala tusikimbilie "uziwi", maana wengi hulielewa kuwa ni kutosikia kabisa, ilhali madhara huanza kwa mvumo masikioni na kufifia kwa sauti nyembamba. Vinyweleo vya ndani ya sikio vikishakufa havioti tena. Hali hiyo na iitwe "upungufu wa kusikia", ili mtu aitambue mapema.

La tatu, nalo ndilo la hatari zaidi, ni "kizuia sauti". Katika habari za uhalifu tumezoea kusoma juu ya kiwambo cha kuzuia sauti, yaani kifaa kinachofungwa kwenye mtutu. Askari aelekezwaye "kutumia kizuia sauti" ana haki ya kuitazama bunduki badala ya sikio. Twapendekeza istilahi mbili: "kizibo cha sikio" kwa kile kiingiacho ndani, na "kifunika sikio" kwa kile kinachokaa juu. Tofauti hii ni ya lazima, kwa kuwa wapigaji bunduki hushauriwa kuvivaa vyote viwili kwa pamoja. Tena kila mtu ajua kuwa kizibo kilicholegea hakizibi. Jina lenyewe lamfunza mtumiaji.

Huenda wengine wakauliza kwa nini tusiseme "pamba", neno fupi la kila nyumba. Kwanza, pamba ya kawaida huzuia kidogo mno mshindo wa namna hii. Pili, kutia pamba masikioni ni msemo wa kumsuta asiyesikia shauri.

Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa serikali, kabla maelekezo hayajachapwa, wamsomee mtu mmoja atakayeyatumia, kisha wamwombe aonyeshe kwa kidole mahali kifaa kinapovaliwa. Akiuelekeza mtutu, istilahi hiyo irudishwe mezani.