Majani Chini, Udongo Juu

Umatengo hakuna tambarare ya kujivunia. Katika milima ya Wilaya ya Mbinga, mkoani Ruvuma, kwenye vijiji kama Litembo na Kindimba, watu hulima miteremko ambayo mgeni hushuka akishikilia vichaka. Mvua hunyesha kuanzia Novemba au Desemba hadi Mei, na kwa mwaka hupita milimita 1,000. Udongo wa huko ulipaswa kuwa umekwisha kuhamia mitoni zamani. Haujahama, na sababu ni ngoro.

Ngoro ni mashimo yaliyopakana, kila shimo likizungukwa na matuta pande zote nne, mpaka ubavu mzima wa mlima unaonekana kama sega la nyuki. Shimo lina upana wa mita moja na nusu hivi, na kina chake hakizidi goti. Mazao hayapandwi shimoni, hupandwa juu ya tuta. Ukitazama kutoka barabarani utadhani ni kazi ya jembe tu, kumbe nusu ya ufundi umezikwa usiuone.

Kazi huanza na mwanaume, mwezi Machi, shamba lililopumzika likiwa limejaa majani marefu. Anafyeka kwa nyengo, chombo chake cha kufyekea, na hachomi. Aliyezoea kuandaa shamba kwa moto ataona hiyo ni kujitafutia taabu, lakini hapa majani ndiyo mtaji. Huachwa yakauke siku kadhaa, kisha hukusanywa na kulazwa kwa mistari: mingine inafuata mteremko, mingine inaukata, mpaka shamba lote ligawanyike miraba. Macho ndiyo yanayopima. Mistari ikikaa mbali mno, tuta halitapata udongo wa kutosha. Ikikaribiana mno, shimo litakuwa dogo na maji yatalizidi.

Hapo nyengo inawekwa chini, jembe la mwanamke linaingia. Anachimba katikati ya mraba na kurusha udongo juu ya majani, upande baada ya upande, mpaka yote yafunikwe. Kisha anamwaga mbegu za maharage juu ya matuta, anarudi shimoni, anachimba tena, na udongo huu wa pili ndio unaofukia mbegu. Nauona uamuzi huo kuwa wa akili sana. Udongo wa kwanza unajenga tuta, wa pili unapanda, na shimo limepata kina chake bila kutengewa siku ya kuchimbwa.

Mvua ikinyesha, kila shimo linapokea maji ya eneo lake dogo na kuyapa muda wa kuzama. Udongo unaoporomoka kutoka kwenye tuta hauendi mbali, unatua shimoni. Magugu ya palizi nayo hutupwa humo humo yakaoze. Ndani ya tuta majani yanaoza polepole; yanalisha mizizi, na kwa kuwa yameacha nafasi, maji hupenya bila kulibomoa tuta. Maharage yakishavunwa katikati ya mwaka, matuta yanabaki. Mvua mpya zinapoanza, mahindi hupandwa juu yake, na baada ya mavuno shamba huachwa liote majani hadi Machi nyingine ifuatayo, ngoro zifanywe upya. Mbolea ya msingi ya mzunguko huo wa miaka miwili imeota shambani penyewe.

Ufundi kama huu hauzaliwi mahali penye nafasi. Simulizi za wenyeji zinaunganisha maisha ya mlimani na uvamizi wa Wangoni katika karne ya 19, uliowasukuma watu kubanana milimani na mapangoni. Ardhi ikawa chache, mteremko ukawa mkali, na chakula kikahitajika papo hapo. Wajerumani nao walipofika walikuta watu wasiotaka kutawaliwa; mwaka 1902 kulipiganwa Litembo. Mwaka 1938 ofisa mmoja Mwingereza, A. H. Pike, aliandika makala katika jarida la Tanganyika Notes and Records kueleza jinsi Wamatengo wanavyohifadhi udongo.

Natamani wakubwa wake wangeisoma kwa makini. Miaka ya 1950, kule Uluguru, serikali hiyo hiyo ya kikoloni ililazimisha wakulima kukata matuta ya ngazi milimani, anayekaidi akiadhibiwa, mpaka mwaka 1955 watu wakafanya ghasia na mpango ukafa. Umatengo hakukuwa na bwana shamba wa kumsimamia mtu achimbe ngoro.

Aliyekuwapo ni babu. Kwa desturi ya zamani, mgongo mmoja wa mlima uliobanwa na vijito viwili huitwa ntambo, nao ulikuwa wa ukoo mmoja: nyumba zao, mashamba yao, maji yao. Wanaume wa ukoo huo walikula pamoja kwa mzee wao, kila nyumba ikileta chakula, na hapo ndipo mashauri yalipoamuliwa na vijana kufundwa. Mkutano huo ndio sengu. Uhusiano wake na ngoro ni wa moja kwa moja: shimo likijaa, linamwagia la chini yake. Mvivu wa juu alimharibia ndugu yake wa chini, na jioni walikaa sinia moja. Baadaye, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao Wajapani walipofanya kazi Kindimba, na kijiji kikajenga kinu cha kusaga kinachoendeshwa kwa maji, jina la sengu lilirudi kutumika kwa kamati za wanakijiji.

Sifa hizi zina upande wa pili. Kufyeka ni kazi ya siku chache. Kuchimba ni kazi ya wiki, na mgongo unaoinama ni wa mama. Kahawa, iliyoingia wakati wa Waingereza, ikawa ya baba pamoja na fedha zake. Miaka ya 1990 biashara ya kahawa ilipoachiwa huria na chama kikuu cha ushirika cha Mbinga kikaanguka, pembejeo za mkopo zikakatika na mibuni mingi ikatelekezwa. Nyumba ziliendelea kula ugali na maharage ya ngoro.

Wengi wameshahamia nchi za chini, upande wa mashariki, ambako ardhi ipo na matuta ya kawaida yanatosha. Waliobaki milimani wanagawana ntambo ile ile kwa wajukuu wengi zaidi, kwa hiyo shamba halipumziki kama zamani. Kisichopumzika hakioti majani marefu. Ngoro iliyofanywa kwa majani haba kwa nje inafanana na nyingine zote, ila ndani yake mna udongo mtupu, na mvua kubwa hulikata tuta katikati. Ndiyo maana wapo wanaozika mabua ya mahindi, magugu na chochote kilichobaki shambani, kuliko kuacha mstari uwe mwembamba.