Kurasa Kumi, Kisha Kalamu Chini

Desemba ikifika, sisi waandishi tunaanza hesabu: hadithi ngapi zimekamilika, muswada umefika sura ya ngapi. Hesabu hiyo haisemi mwili uliozibeba kurasa zote hizo umebakiwa na nguvu gani ya kuingilia Januari. Kwa hiyo, kabla ya kuupima mwaka wangu, nimewarudia waandishi wawili ambao ratiba zao tunazijua vizuri kwa kuwa wenyewe walizieleza: Haruki Murakami wa Japani na Anthony Trollope wa Uingereza.

Murakami alikuwa na baa ya jazi jijini Tokyo. Riwaya zake mbili za kwanza aliziandika usiku, kwenye meza ya jikoni, baada ya kufunga baa. Mwaka 1981 akaiuza ili aishi kwa kalamu. Kazi ya kukaa kutwa ikaanza kumnenepesha, huku akivuta sigara 60 kwa siku. Mwaka 1982, akiwa na miaka 33, akaanza kukimbia, na sigara akaachana nazo.

Wengi wakiisimulia habari hii huishia kwenye mbio. Ufundi wenyewe, nionavyo mimi, umo katika mpangilio wa siku. Akiwa kwenye riwaya huamka saa kumi alfajiri na kuandika kwa saa tano au sita. Mchana hukimbia kilomita 10 au kuogelea mita 1,500, pengine vyote viwili. Baadaye husoma, husikiliza muziki, na saa tatu usiku yuko kitandani. Uandishi umepewa saa ambazo hajazungumza na mtu yeyote. Mazoezi yamewekwa pale akili imechoka na mwili bado haujafanya kazi. Kinachoshikilia ratiba yote ni ile saa ya kulala. Isogeze hadi saa sita usiku, na hakuna kengele itakayomwamsha saa kumi akiwa na akili timamu.

Kisha kuna kiwango. Huandika kurasa kumi kwa siku, za karatasi ya Kijapani yenye nafasi ya herufi 400. Siku ambayo hakuna kinachokuja, hujikaza mpaka zitimie. Siku ambayo maneno yanamiminika, huacha kwenye kumi vilevile. Sehemu ya kwanza ya kanuni hii kila mwandishi amehubiriwa. Sehemu ya pili ndiyo ngumu, na ndiyo ninayoamini inazaa vitabu. Anayekesha kwa kuwa leo kalamu imekubali huilipia siku mbili tatu zinazofuata: macho mazito, sentensi zilizolegea, na woga wa kurudi mezani kwa sababu kila alichokuwa nacho amekimwaga. Anayeacha mapema hulala akijua kesho ataanzia wapi. Ernest Hemingway naye alieleza kwamba huacha pale anapojua kitakachofuata.

Lakini Murakami alikuwa ameacha biashara, na hana watoto wa kuandaliwa shule. Mwenye ajira na familia amtazame Trollope, mtumishi wa Posta katika karne ya 19. Saa kumi na moja na nusu alfajiri alikuwa mezani, na mzee aliyemtumikia alilipwa pauni 5 za ziada kwa mwaka kwa kumwamsha na kumletea kahawa. Nusu saa ya kwanza aliisoma kazi ya jana, akiyapima maneno kwa sikio. Halafu aliweka saa mbele yake na kujidai maneno 250 kila robo saa. Kazi hiyo ilikwisha kabla ya kifungua kinywa. Mchana ukabaki wa mwajiri. Aliacha riwaya 47.

Watu huitaja ile saa ya mezani. Mimi naipa uzito zaidi nusu saa ya kusoma, kwani ndiyo iliyomrudishia sauti ya kitabu kabla hajaongeza hata neno moja. Trollope pia alikuwa na daftari lenye mistari ya wiki, ambamo kila siku alijaza idadi ya kurasa, ili uvivu ukiwapo umkodolee macho. Ni chombo kizuri chenye pengo: kinahesabu kilichotoka tu.

Katikati ya mwaka huu nami nilihamisha uandishi kutoka usiku hadi alfajiri, kabla joto la Dar es Salaam halijapanda, na jioni nikazifanya za kutembea. Nimeweka sura mbili za muswada wangu kando kwa kando. Katika ile ya usiku, kila nomino imebeba vivumishi viwili, na wahusika wanaelezana mambo ambayo wote wanayajua. Katika ile ya alfajiri, mama anamuuliza mwanawe swali moja, kijana anajibu jingine, na msomaji anaelewa kilichofichwa. Ni fupi kuliko ya usiku, na ni hatua ninayoifurahia kuliko zote mwaka huu.

Daftari la Januari nimeshalichora. Lina safu ya kurasa, yenye kima cha chini na kikomo, na safu ya matembezi. Safu ya saa ya kulala nimeiweka mwanzo kabisa, na ndiyo nitakayoijaza kwanza kila asubuhi.