Pengo la Vidole Viwili

Kushusha giaboksi ya Hiace ni kazi ya nguvu, na kijana aliyeingia gereji mwaka huu anaweza kuimaliza kabla jua halijawa kali. Anafungua propela, anachomoa nyaya, analegeza boliti za hausingi, anaivuta nyuma, inashuka. Kuirudisha ndiko kunakomtenga fundi na mfungua boliti. Ndiyo maana katika gereji nyingi za Dar es Salaam, zile za wazi chini ya mkungu, vijana huachiwa kufungua, lakini ikifika saa ya kupandisha, fundi mwenyewe hutandika kipande cha boksi na kulala chali chini ya gari.

Hiace hizi, ambazo wenyewe tunaziita vipanya, huua klachi kwa namna inayojulikana. Dereva anakaa kwenye foleni mguu ukiwa juu ya pedali, au analishikilia gari kwenye kilima kwa nusu klachi badala ya kuvuta hendibreki. Pleti inachakaa, injini inapiga kelele gari haliongezi mwendo, na harufu ya kuungua inafika hadi kiti cha nyuma. Gari likishapandishwa juu ya stendi, mwenye mali anaanza kupiga simu, kwa sababu siku bila gari ni siku bila hesabu. Chini ya shinikizo hilo fundi anatakiwa kufanya kazi isiyokubali kuharakishwa.

Ugumu wake unatokana na umbo la vitu vyenyewe. Klachi pleti inabanwa kati ya flaiwili na presha pleti. Katikati yake pana tundu lenye meno, na inputi shafti ya giaboksi ndiyo inayopaswa kupita humo. Shafti hiyo lazima ipite katikati ya presha pleti, iingie kwenye meno ya pleti, kisha ncha yake ikae ndani ya beringi ndogo iliyo kwenye tako la kranki. Vitu vitatu vinatakiwa kuwa kwenye mstari mmoja, na giaboksi ikishaanza kupanda, hakuna hata kimoja kinachoonekana. Kuanzia hapo fundi anafanya kazi kwa mikono na masikio.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya kupandisha giaboksi hufanyika wakati giaboksi bado iko chini. Fundi anaikagua flaiwili. Ikiwa na mabaka ya bluu au nyufa ndogo za joto, anaipeleka ikakerezwe au anatafuta nyingine. Anaangalia sili ya nyuma ya kranki, kwa kuwa ikivujisha oili, pleti mpya italowa na kazi yote itarudiwa. Beringi ndogo ya kwenye kranki anaizungusha kwa kidole, na ikikwaruza hata kidogo inatolewa. Kisha anafuta uso wa flaiwili kwa petroli na kitambaa safi, na baada ya hapo hakuna anayeruhusiwa kuugusa kwa mkono wenye grisi.

Pleti nayo ina upande wake. Ule uliovimba, wenye springi, unatazama giaboksi. Ukigeuzwa, klachi haitaachia. Ili pleti ikae katikati barabara, fundi hutumia inputi shafti iliyotolewa kwenye giaboksi iliyokufa, kifaa ambacho gereji yoyote ya maana inacho. Anaichomeka kupitia pleti hadi kwenye beringi ya kranki, na shafti hiyo inaishikilia pleti mahali pake wakati presha pleti inafungwa. Boliti za presha pleti, ambazo kwa kawaida ni sita, hukazwa kidogo kidogo kwa kupishana, moja huku na nyingine ng'ambo yake. Anayemaliza upande mmoja kwanza anapinda mfuniko wa presha pleti, na gari litatetemeka kila likianza kuondoka. Kitabu cha Toyota kinataka mkazo wa nyutoni mita 19, ambao ni mdogo kuliko vijana wengi wanavyodhani. Fundi anakaza kwa spana ya kumi na mbili, mkono ukiwa karibu na kichwa cha boliti ili asizidishe.

Halafu inakuja grisi. Ukitaka kumjua fundi, mtazame hapa. Anachukua kiasi kidogo kwenye ncha ya kidole, anakipaka kwenye meno ya shafti, anaisukuma pleti ya zamani juu yake mara moja na kuitoa, kisha anafuta grisi yote iliyokusanyika mbele. Inayobaki ni utando mwembamba unaong'aa ndani ya mifereji ya meno. Grisi ikikosekana kabisa, pleti itakwama kwenye shafti na gia zitaingia kwa shida. Ikizidi, injini ikizunguka itairusha pembeni hadi kwenye pleti mpya, na klachi itaanza kuteleza siku ileile iliyofungwa.

Sasa giaboksi inapanda. Ina uzito unaozidi kilo 30, kwa hiyo inakaa juu ya jeki, kijana mmoja akishika mkia wake. Maunti ya nyuma ikiwa imeondolewa, injini imelala kidogo kuelekea nyuma. Fundi haipandishi giaboksi ikiwa imenyooka na ardhi, anailaza kwa pembe ileile ya injini, na jeki ya pili yenye kibao inashikilia chini ya injini isiendelee kuzama. Anasukuma. Shafti inapita kwenye presha pleti, inagusa meno ya pleti, inasimama.

"Dogo, tia gia ya nne. Zungusha nyuma, pole pole."

"Sawa, fundi."

Giaboksi ikiwa ndani ya gia, mkia ukizungushwa, inputi shafti nayo inazunguka. Shafti nyingi za Toyota za aina hii zina meno 21, kwa hiyo kila jino lina nafasi ya nyuzi 17 hivi. Haihitajiki hata robo ya mzunguko. Mkono wa kijana unasogea kidogo sana, mlio mdogo wa chuma unasikika, na giaboksi inateleza mbele. Halafu inasimama tena, pengo likiwa limebaki la upana wa vidole viwili.

Pengo hilo ndilo mtihani. Boliti ndefu zinafika, matundu yake yanaonekana, na mtu mwenye haraka atachomeka mbili na kuivuta giaboksi kwa spana. Itaingia. Lakini hausingi ni ya alumini na sikio lake huvunjika. Katikati ya pleti hupinda. Beringi ya kranki hupasuliwa na ncha ya shafti. Uharibifu huo hauonekani siku hiyo, unajitokeza baadaye, dereva akiwa barabarani na abiria. Sheria ya gereji ni fupi: boliti ni ya kushika, si ya kuvuta.

Fundi anapima pengo kwa vidole, juu, chini, kushoto, kulia. Kama chini ni pana kuliko juu, mkia umekaa juu mno. Anaomba jeki ishushwe kidogo sana. Anapima tena. Anairudisha giaboksi nyuma kidogo, anaitikisa kwa mabega, anaisukuma. Hatumii nguvu zaidi ya mara ya kwanza. Pengo likilingana pande zote, hausingi inaingia kwenye pini zake na kugusa injini kwa mkono mtupu. Hapo ndipo anapoomba boliti.

Yanayobaki ni utaratibu. Stata, waya wa taa ya rivasi, kebo ya spidomita, maunti, propela iliyofungwa kwa kufuata alama zilizochorwa kabla ya kufunguliwa ili isije ikapiga mtikisiko, oili ya giaboksi, kisha kutoa upepo kwenye mfumo wa klachi. Jaribio la mwisho ni rivasi, kwa sababu katika giaboksi nyingi gia hiyo haina kifaa cha kulainisha kuingia kwake. Injini ikiwa inanguruma, pedali inakanyagwa hadi chini, unasubiri kidogo, unaingiza. Ikiingia kimya, klachi inaachia kikamilifu. Ikikwaruza, pleti bado inazunguka mahali fulani.

Wengi wa mafundi hawa hawakusomea darasani. Walishika mkia wa giaboksi za wengine miaka mingi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa cheti walioujua ufundi kazini, na ni jambo jema. Lakini kile ninachokistahi zaidi ni uamuzi wa kurudi nyuma wakati spana iko mkononi na mwenye gari amesimama pembeni. Hakuna atakayekuja kuliona kosa ambalo halikutokea, na fundi anajua hivyo anapoachana na boliti.

Kwa hiyo mwenye gari akifika gereji, swali la itaisha saa ngapi lisubiri. Aulize kwanza kama hausingi iligusa injini kabla boliti hazijakazwa. Fundi wa kweli atalijibu bila kusita, na jibu hilo ndilo analolipiwa.